Nilivyotafuta material ya Kiingereza kwa madogo wa injinia nikaishia gereji ya Nyakato

Mi ni mwalimu wa Kiingereza, injini naijua kwa kuipanda tu. Sasa muhula mmoja hapa Mwanza nikapewa darasa la diploma, umekanika na ujenzi wamechanganywa, nikaambiwa material utajua mwenyewe.

Nikaanza na kitabu cha Uingereza, kinene, picha za rangi, aisee kinavutia. Somo la kwanza jamaa anapiga simu kuripoti kwamba mashine ya kupasha joto nyumba imegoma na nje kuna theluji. Dogo mmoja wa Sengerema akaniuliza kwa Kiingereza, ticha, nyumba unaipasha joto ili iweje? Na lile swali alilipanga vizuri tu, sarufi haina kasoro, ndo nikajua tatizo sio wao ni mimi na kitabu changu.

Basi nikawafuata waliotoka fildi, nikawauliza wiki ya kwanza kule mlikutana na Kiingereza wapi? Wakacheka. Kuongea hamna, mafundi wanaongea Kiswahili na Kisukuma basi, ila kila kilichoandikwa ni Kiingereza, manyuali, michoro, lebo za kemikali, na logibuku yenyewe unaijaza kwa Kiingereza. Yani mi nilikuwa nimepanga nusu ya muhula ni maongezi ya simu! Nikayafuta karibu yote, nikaweka kusoma na kuandika.

Nikaenda Nyakato kwa fundi mmoja wa injini za mitumbwi, zile za kufunga nyuma. Akatoa manyuali imelowa oili, akasema mwalimu, mi humu naangalia picha na namba tu, maneno sina habari nayo. Akaniazima.

Kila karatasi niliyofikiria kuitumia nilikuwa naijaribu kwanza, natoa kopi ya ukurasa mmoja, nampa kila mtu, namwambia piga mstari neno usilolijua. Nilitegemea wapige mistari kwenye maneno ya ufundi, wapi, gasketi, beringi, pistoni, shafti wanayo mdomoni toka gereji za mtaani, ni spelingi tu. Kinachowamaliza ni vineno vidogo. Kuna onyo lilisema usiwashe injini unless kuna maji, dogo akatafsiri kwa kujiamini kabisa, "usiwashe kama kuna maji". Kinyume chake, unless ni "isipokuwa"! Injini zile zinapoozwa na maji ya ziwa, pampu inayavuta toka chini, ukiiwasha kavu ule mpira wa ndani ya pampu unaungua na injini inachemka. Kwahiyo neno moja la herufi sita na injini ya watu imekwenda. Na unless yenyewe hakuipigia mstari, alidhani anaijua, toka siku hiyo mstari peke yake siuamini, lazima waniambie sentensi inataka ufanye nini.

Ukurasa ambao karibu kila mstari umechorwa niliuacha, na ule uliobaki msafi na wameuelewa niliuacha pia, wa nini sasa.

Wa ujenzi nikawatafutia maelezo ya masharti ya kazi ya ujenzi, zile specifications, hasa tofauti ya shall na should, ya kwanza ni lazima, ya pili ni ushauri, ukizichanganya saiti unagombana na msimamizi. Halafu habari za daraja la Kigongo–Busisi, lile la kama kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, hiyo sikuhitaji hata kuitambulisha, nusu ya darasa wameshawahi kusota pale kusubiri kivuko.

Pale nisipoelewa ufundi wenyewe namfuata mwalimu wa karakana, aibu kidogo ila ndo hivyo.

Kile kitabu kinene sijakitupa, kina kurasa kama nne nzuri za kuandika ripoti ya maabara, nazitumia. Manyuali nilimrudishia fundi, ule ukurasa wa maonyo nikamwandikia Kiswahili kwa mkono, kaubandika ukutani juu ya pipa la maji analojaribia injini.