Tarehe 2 Novemba: siku moja ya muuza maua Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri nimeshafika City Market, Barabara ya Muindi Mbingu, kupokea maua yaliyosafirishwa usiku kutoka Naivasha. Leo Kanisa linawakumbuka Marehemu Wote. Mawaridi nayatia ndani ya ndoo za maji, ila krisanthemamu nazipanga mbele, kwa sababu hustahimili jua la makaburini siku kadhaa.

Saa moja namwachia dada yangu meza, naenda Misa katika Basilika ya Familia Takatifu. Altare haina hata ua moja. Ndivyo taratibu za liturujia zinavyoagiza kwa siku hii, na hata kinanda hupigwa kusaidia waimbaji tu. Mimi ninayeishi kwa maua nalipenda agizo hilo, kwa maana linayaelekeza maua kaburini, yanakohitajika leo. Kumbukumbu ya tarehe 2 ilianzishwa na Abate Odilo, mkuu wa monasteri ya Cluny, Ufaransa, karibu na mwaka 998, na Wafaransa hadi sasa hupeleka krisanthemamu makaburini katika siku hizi.

Saa nne anakuja mzee mmoja aliyeshika kofia mkononi.

“Mwanangu, nikimpelekea mama watoto mawaridi mekundu, nitakuwa nimekosea?”

Namweleza kwamba zambarau ni rangi ya mavazi ya padre katika Misa ya leo, na kwamba Kanisa halijapanga rangi ya maua ya kaburini. Anachagua saba, kisha ananiomba niondoe miiba yote. “Kila Ijumaa alinitolea miiba ya samaki,” anasema. Basi nalishika shina moja moja, nalikwangua kwa kisu toka juu hadi chini, napitisha kidole gumba kuhakikisha, na ile miwili iliyobaki karibu na jani naing'oa kwa kucha. Kazi hiyo inachukua karibu nusu saa huku foleni ikirefuka, wala siioni kuwa imepotea.

Mchana wote ni kufunga mashada. Wateja wanajua kwamba kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, Mkatoliki anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu, akiwa ameungama, amekomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, huwapatia marehemu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda iliyobaki kwa dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa hiyo wengine wanaagiza ya kesho na keshokutwa.

Saa kumi niko Lang'ata, kwenye kaburi la mama. Nang'oa magugu kwanza, kisha navua karatasi ya nailoni, kwa kuwa maua yaliyofungwa humo huoza kwa joto, nami huwasihi wateja wangu wote waivue. Kaburi la jirani limeota nyasi na maandishi ya kibao chake yamefutwa na mvua. Nalitengea krisanthemamu tatu. Naanza kusali, “Raha ya milele umpe, ee Bwana,” nasita, kisha naanza upya: “Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.”