Nilivyorudisha mng'ao wa bampa na urembo wa Corolla ya zamani hapa Dodoma

Wadau, nina Corolla KE70, zile za miaka ya 80 zenye bampa za chuma, niliachiwa na baba mdogo na injini bado inapiga kazi safi tu. Shida ilikuwa urembo. Bampa zimefubaa na vidoadoa vya kutu, vile vipande vya kung'aa vinavyozunguka vioo vimeota weupe, shoo ya mbele (grili) ndo haisomeki kabisa. Fundi mmoja wa bodi akaniambia, "Kaka tusisumbuane, tupige silva ya kopo yote hiyo unaondoka inawaka." Nikamshukuru nikasepa, maana rangi ya kopo juu ya kromu, lile tabaka la kung'aa la bampa, haishiki ile inavyoteleza, na kwa jua la huku inabanduka mapema sana halafu kuitoa ni kazi nyingine.

Cha kwanza nilitaka kujua kipi ni chuma gani, hapa ndo wengi wanaharibu. Nikachukua sumaku ya spika mbovu nikawa naigusisha kila sehemu. Kwenye bampa iking'ang'ania, hiyo ni chuma iliyopigwa kromu. Kwenye vipande vya vioo haikushika kabisa na ukivikwaruza kwa nyuma ni laini, nikajua aluminiamu. Kwenye shoo haikushika pia ila ukiigonga na kucha unasikia plastiki, yaani kromu yake ni kangozi kembamba tu juu ya plastiki, ukiikandamiza na kitu kikali imeisha hiyo.

Halafu kuna haya maji yetu. Ya visima vya Mzakwe vinavyolisha mji wetu mnayajua wenyewe yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya birika, sasa ukiosha gari mchana ukaiacha ikauke juani, ukoko ule ule unaganda kwenye kromu na vumbi linanasa humo humo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile nilichodhani kutu ilikuwa chumvi ya maji. Nikachanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, gari ikiwa kivulini na bodi imepoa, nikalowanisha kitambaa nikakibandika kwenye bampa dakika chache, nikafuta, nikasuuza maji mengi. Hapo tu bampa ya nyuma ikaanza kuonyesha sura yangu. Kwenye aluminiamu siki ni kupitisha na kusuuza fasta, usiiache ikae.

Vile vidoadoa vya kutu vilivyobaki ni foili, hii hii ya kufungia chipsi. Unaikunja kadonge, unachovya kwenye maji, unasugua taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu kwa hiyo haiikwaruzi, ila kutu inaimudu. Utaona yanatoka maji ya kahawia halafu yanageuka kijivu kizito kama uji wa majivu, yafute, angalia, rudia. Kutu ikiisha utabaki na vitundu vidogo, hivyo havizibiki kwa kusugua, kutu pale ishakula kromu mpaka kwenye chuma na dawa yake ni kwenda kupigwa upya, gharama ambayo kwa gari hili sikuona sababu. Nikamalizia na Autosol, polishi ya metali, kwenye kitambaa cha fulana ya zamani, nikapaka waksi ya gari, nzito kidogo, kwenye vile vitundu ili maji yasiingie tena.

Aluminiamu ndo ilinitoa jasho. Ina ngozi yake ngumu ya kiwandani inayoilinda, na ngozi hiyo inaliwa na sabuni kali, hasa zile za kuoshea injini zenye kostiki (kemikali kali inayounguza) ambazo vijana wa kawoshi wanamwaga gari zima. Ngozi ikishaliwa unapata ule weupe, polishi hata upake kopo zima hautoki. Nikazungushia tepu ya karatasi kwenye rangi na kwenye mipira ya vioo, nikapiga msasa wa maji namba 800, 1200, mwisho 2000, naenda kwa urefu wa kipande tu, sio kuzungusha mkono, ndo ikaja polishi. Inang'aa vizuri sana, ila sasa iko uchi, kwa hiyo inabidi waksi kila mara, ukizembea inafubaa upya.

Shoo niliiosha na sabuni ya maji ya vyombo na mswaki laini basi, sikutaka ujanja.

Siku hizi kawoshi nawaambia kabisa, "Mdogo wangu, dawa ya injini isiguse vioo wala bampa," na nikimaliza kuosha nyumbani nakausha na taulo hapo hapo. Bampa kwa ndani, ule upande unaoangalia bodi, nilikwangua kutu nikapiga rangi ya msingi ya kuzuia kutu na rangi nyeusi ya mafuta juu yake, huko hakuna anayechungulia.