Ridhaa ya Mtu Anayeomba Kufa

Shangazi yangu aliomba kufa mara moja tu. Ilikuwa usiku, majuma mawili kabla ya kufariki kwake, wakati saratani ilipokuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa, na kila nilipomgeuza ubavu alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo. Nilikuwa nikimlowesha midomo kwa pamba iliyochovywa majini aliponiambia, kwa sauti tulivu, kwamba amechoka, na kwamba kama yupo mtu anayeweza kuyamaliza, basi na ayamalize. Siku mbili baadaye daktari alimwongezea morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Asubuhi iliyofuata aliomba dirisha lifunguliwe, akanisimulia jinsi marehemu baba yangu alivyokuwa mtundu utotoni, na lile ombi hakulirudia tena hadi alipoaga dunia.

Tangu hapo sijaweza kuuzungumzia mjadala wa haki ya kufa, wala ule wa adhabu ya kifo, bila kujiuliza kwanza ni mambo gani yaliyomzunguka mtu aliyesema kwamba anataka kufa. Wapo wanaodai kwamba anayepinga serikali kunyonga hana budi kupinga pia mgonjwa kusaidiwa kufa, la sivyo anajipinga mwenyewe. Sikubaliani nao. Serikali inaponyonga humwua kwa nguvu mtu ambaye, mara nyingi, anataka kuishi, na kosa likigundulika baadaye hakuna wa kurudishiwa haki yake. Timothy Evans alinyongwa London mwaka 1950 kwa mauaji ya binti yake, na msamaha wa kifalme ulipotolewa mwaka 1966 alikuwa kaburini kwa miaka 16. Mgonjwa anayeomba kusaidiwa kufa, kwa upande wake, anazungumzia uhai ambao ni wake mwenyewe.

Neno linalotajwa katika mijadala yote miwili ni utu. Mwaka 1995 majaji wote 11 wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini waliamua katika kesi ya Makwanyane kwamba adhabu ya kifo inapingana na katiba, na heshima ya utu ilikuwa miongoni mwa misingi ya uamuzi huo. Miaka 20 baadaye wakili mmoja aliyekuwa akifa kwa saratani alikwenda Mahakama Kuu mjini Pretoria kwa katiba ile ile na hoja ile ile ya utu, safari hii akitaka daktari aruhusiwe kumsaidia kufa. Jaji alikubali, ingawa mwombaji alikuwa ameshafariki saa chache kabla ya amri kutolewa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Mimi naliheshimu sana neno utu, lakini naona kwamba peke yake halitoshi kutuamulia jambo, kwa sababu kila upande unaweza kulishika na kulivuta kwake. Kinachotenganisha kunyongwa na kusaidiwa kufa ni ridhaa.

Hata hivyo, ridhaa nayo ina utata wake, na hakuna aliyeuonyesha waziwazi kuliko Gary Gilmore. Alihukumiwa kifo katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 1976, akakataa kukata rufaa na kudai hukumu itekelezwe. Mama yake aliomba Mahakama ya Juu isitishe utekelezaji bila mwenyewe Gilmore kutaka, na mahakama ikakataa, kwa kuwa mtoto wake alikuwa ameamua mwenyewe kuacha haki zake. Wakati akisubiri, Gilmore alijaribu kujiua. Akakimbizwa hospitali, akatibiwa, akarudishwa gerezani, na tarehe 17 Januari 1977 akapigwa risasi na kikosi cha serikali, mtu wa kwanza kuuawa kwa hukumu nchini humo baada ya karibu miaka kumi. Nikiwafikiria wauguzi waliohangaika kumrudishia pumzi, naona jinsi ridhaa yake ilivyokuwa na uzito mdogo. Alipotaka kufa kwa mkono wake alizuiwa, akatimiziwa pale tu matakwa yake yalipolingana na ya serikali. Sioni namna ya kuliita tukio hilo haki ya kufa.

Kisha kuna mfungwa wa Ubelgiji, nchi ambayo sheria yake ya mwaka 2002 inamruhusu daktari kukatisha uhai wa mgonjwa anayeteseka bila nafuu na aliyeomba mwenyewe. Mtu huyo alikuwa amebaka na kuua, akaonekana hana akili timamu, na akakaa gerezani karibu miaka 30 bila matibabu yaliyomfaa. Aliomba ahamishiwe kituo maalumu nchini Uholanzi, akanyimwa. Aliomba pia kufa, akikiri kwamba yeye ni hatari kwa watu lakini hawezi kuendelea kuishi namna ile. Mwaka 2014 ombi likakubaliwa, na siku ikapangwa mwezi Januari 2015. Siku chache kabla ya kufika, madaktari wakajiondoa, na waziri wa sheria akatangaza kwamba mfungwa atahamishiwa kituo cha afya ya akili mjini Ghent. Yaani kitanda cha matibabu kilipatikana baada ya tarehe ya kifo kupangwa. Nchi iliyoifuta adhabu ya kifo ilibakiza siku chache tu kumwua mtu aliye mikononi mwake, kwa ombi ambalo yenyewe ndiyo iliyolizaa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: ukiondoa kile ambacho binadamu wengine wanaweza kukiondoa, yaani maumivu yasiyotulizwa, upweke, au kufungiwa bila matibabu, je, ombi litabaki? La shangazi yangu halikubaki. Wapo ambao lao hubaki hata baada ya kupewa kila nafuu iliyopo, na hao naamini wana haki ya kusikilizwa. Sheria ya kusaidiwa kufa ya jimbo la Oregon, Marekani, inayotumika tangu mwaka 1997, inataka madaktari wawili wathibitishe kwamba mgonjwa amebakiza miezi 6 au pungufu, na inataka aelezwe njia nyingine, ikiwemo huduma shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Ni sharti jema, ila kuelezwa si kupewa. Penye mgonjwa asiyeweza kupata hata dawa ya maumivu, mimi nisingethubutu kumwandalia fomu ya kufa.

Kipimo hicho kinanielemea ninapokifikisha Hispania. Mwezi Desemba 2021 mlinzi wa zamani aliwapiga risasi na kuwajeruhi watu waliokuwa wakifanya naye kazi mjini Tarragona, kisha akapigwa risasi na polisi, akapooza. Akiwa mahabusu, kabla ya kesi kusikilizwa, aliomba kusaidiwa kufa kwa sheria iliyokuwa imeanza mwaka huo huo. Majeruhi wake walipinga, wakisema wananyimwa kumwona akijibu mashtaka mahakamani. Majaji walikataa kuzuia, naye akafa tarehe 23 Agosti 2022. Maumivu yake yalitokana na majeraha ya mwili wake, na hata angefunguliwa lango la gereza siku ile yangemfuata nje. Kwa hiyo nasema majaji walikuwa sahihi, kwani kumlazimisha aliyekata tamaa aishi ili aadhibiwe ni kuugeuza uhai wake kuwa adhabu. Nayasema haya nikijua kwamba wale aliowapiga risasi walikuwa wakidai kitu cha halali kabisa, na kwamba hadi leo hawajakipata.