Boksi la soketi hufuata lipu, si tofali

Katika kazi yangu ya kufunga umeme majumbani, wenye nyumba huniuliza sana idadi ya soketi zinazotosha kwa kila chumba, ilhali swali ninalotamani waniulize ni boksi litawekwa lini ukutani na kwa kina gani. Boksi ndilo litakalobeba soketi kwa miaka yote, na kina chake kinapaswa kupimwa kwa uso wa lipu ambayo bado haijapigwa.

Lipu ya ndani kwa kawaida huwa na unene wa milimita 12 hadi 15. Fundi umeme akilisawazisha boksi na uso wa tofali, mwashi atakapopiga lipu litabaki ndani, na skrubu za soketi hazitafika kwenye masikio yake, yaani vipande vyenye matundu ya skrubu. Hapo ndipo unapokuta skrubu zilizolazimishwa kushika kwa ncha tu, na soketi inayocheza kila plagi inapochomolewa, hadi waya zinalegea, zinapata joto na kuunguza plastiki. Boksi lililotokeza nalo huacha mwanya kati ya soketi na ukuta ambao hakuna rangi itakayouficha.

Kwa sababu hiyo humwomba mwashi aweke kwanza alama za unene wa lipu, yaani vibandiko vidogo vya udongo wa saruji vilivyopimwa kwa timazi na uzi. Nikilaza rula ndefu ya alumini juu ya alama mbili, ukingo wa boksi unatakiwa uiguse rula hiyo pande zote. Kimo nacho hukipima kutoka kwenye sakafu iliyokamilika, nikihesabu unene wa vigae, kwa mstari mmoja uliozungushwa chumba kizima kwa mpira wa maji, yaani mpira mwangavu uliojazwa maji yanayoonyesha usawa.

Nyumba nyingi za kwetu Tanzania hujengwa kwa tofali za saruji za inchi 5 au 6, na ukuta wa namna hiyo hauvumilii kutinduliwa ovyo. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, ambako ndiko zilikotoka soketi zetu za pini tatu bapa, unasema mfereji wa wima unaochimbwa ukutani kupitishia paipu ya waya usizidi kina cha theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 5, sehemu moja ya sita ni milimita 21 tu, hivyo paipu ya milimita 20 ikilazwa tayari imegusa mpaka huo. Nami huishusha wima kutoka juu. Maboksi ya vyumba viwili vinavyopakana pia siyaweki mgongo kwa mgongo, kwani tofali linalobaki katikati huwa jembamba mno na sauti hupita.

Shimo likishakuwa tayari, lifagiliwe vumbi na kulowanishwa maji, la sivyo tofali kavu litanyonya maji ya udongo wa saruji na boksi litatoka siku chache baadaye. Fungua tundu lile tu ambalo paipu itaingilia, na uifunge kwa kiungio chake ili ukingo wa chuma usichune waya. Kisha boksi lijazwe karatasi za mfuko wa saruji kuzuia lipu isiingie, na waya zisivutwe kabla ukuta haujakauka. Kama boksi ni la chuma, waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, lazima ufungwe kwenye skrubu yake ya ethi, na hili nalisimamia mwenyewe kila mara.

Mwenye nyumba, hakikisha fundi wako ana leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, na kabla ya lipu kupigwa mwombe apige picha za kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imeegeshwa kando ya paipu, ili atakayetoboa ukuta huo kutundika kabati ajue waya zilipopita.