Karavani kuukuu kwenye barabara ya Engaruka

Safari ya kwanza nilifungua kopo la sukari nikakuta imegeuka rangi ya kakao. Kopo lilikuwa na mfuniko, kabati limefungwa, madirisha yote yamefungwa. Vumbi la Monduli halibishi hodi.

Karavani lenyewe, kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari, ni la Kiingereza, aina ya Sprite, la miaka ya 1970. Lilikaa uani kwa mtu pale Njiro, Arusha, zaidi ya miaka kumi, kuku wakitagia chini ya kitanda. Mwenyewe alikuwa anahama, akaniachia kwa bei ya friji. Baba Joshua alilizunguka mara moja, akaligonga bati kwa kidole, akasema, "Mama Joshua, umenunua banda."

Kila niliyemwambia nataka kulipeleka Engaruka, huko Monduli, alinipa dawa moja: linyanyue. Kweli lilikuwa chini mno. Lilitengenezwa litembee kwenye lami, na vile vigurudumu vyake vya inchi 13 vingezama kwenye shimo lolote la huku kwetu. Nikalikokota hadi gereji moja mtaa wa Unga Limited. Fundi akaingia uvunguni, akatoka akijifuta mikono. "Mama, hiyo ekseli weka ukumbusho."

Akatengeneza ekseli mpya ya bomba nene, akafunga habu za Hilux zenye nati sita. Hapo alinifurahisha, kwa sababu gari langu ni Hilux: spea tairi moja inatumika mbele na nyuma, na magurudumu ya karavani yanapita kwenye alama zilezile za gari badala ya kujichimbia njia yao. Breki tulivutana. Yeye alidai mzigo huu mwepesi hauna haja nazo. Nikamwambia akishuka nalo mteremko wa Ngorongoro bila breki nitamlipa mara mbili. Akafunga waya za breki.

Kosa lilikuwa kwenye springi. Alifunga springi za Hilux kama zilivyo, pleti zote, naye akajisifu kwamba hazitakatika maisha. Hazikukatika. Kilichokatika ni vingine vyote. Springi zile zimezoea gari linalobeba tani ya mahindi. Karavani langu likiwa na vyombo halifiki kilo 900. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati la paa lilikuwa linaruka kama mwanambuzi. Nilipofungua mlango nilikuta mlango wa kabati uko kitandani, sahani ziko sakafuni, na skrubu kumi na moja zimejitoa zenyewe kwenye mbao. Nilizihesabu nikiziokota.

Tukarudi gereji. Tukapunguza pleti zikabaki tatu kila upande, tukaongeza shokapu, na kila sehemu iliyokuwa na skrubu nikataka boliti na nati yenye plastiki ndani, ile isiyolegea ovyo. Nashangaa watu wanavyosifia urefu wa gari. Sentimita kumi na nane tulizopandisha nimezihitaji labda mara tatu. Ule mtikisiko uko nawe kila mita.

Mbao nazo zilikuwa na siri yake. Bati likiwa zima kwa nje unaweza kudhani mambo ni mazuri, lakini nilipochoma bisibisi pembeni mwa dirisha la nyuma ikazama kama kidole kwenye ugali. Maji ya mvua ya miaka mingi. Seremala alitaka kuweka mninga. Mninga nauheshimu, ila huo ni uzito wa kabati la bibi harusi. Tukatumia paini kavu, na silikoni nyingi kuzunguka dirisha.

Sasa vumbi. Karavani la Kiingereza lina matundu sakafuni, na mtu asikimbilie kuyaziba. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutokea. Mimi niliyaziba baada ya kung'oa jiko na kuhamishia mtungi nje, kwenye fremu ya mbele. Napikia nje, chini ya turubai. Halafu, na hili nilifundishwa na dereva mmoja wa watalii, nikatoboa paa kwa mbele nikaweka kiboksi chenye chujio la hewa la gari. Tukitembea, hewa safi inasukumwa ndani, na vumbi linakosa nafasi ya kunyonywa kupitia nyuma. Nilidhani ananitania.

Mwezi uliopita tulipita Mto wa Mbu, na lami ilipotuacha nikapunguza upepo kwenye matairi yote, ya gari na ya karavani. Tulifika Engaruka jua likiwa linashuka, ukuta wa Bonde la Ufa umeshakuwa mweusi upande wa magharibi. Baba Joshua akaweka kreti la soda mlangoni, maana tangu linyanyuliwe hakuna ngazi inayofika, akapanda, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la sukari. Akachota kijiko, akakiangalia kwenye mwanga wa tochi. Nyeupe.

Asubuhi, kwenye korongo la kwanza, mkia wa karavani ukakwangua chini tulipoanza kupanda ng'ambo. Bamba la nyuma limepinda na taa moja imebaki huko. Fundi anasema tukate pembe ya chini, mshazari, kama sentimita thelathini. Jumamosi nampelekea.