Ng’ombe mbele, Kichina nyuma

Wiki hii nimeshinda na fonti za Kichina, mimi nisiyejua kusoma hata herufi moja ya lugha hiyo. Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Kuna mfumo wa Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, ninaouandaa kwa ajili ya steshenari za hapa Ngamiani zinazotumia kompyuta za mtumba, na tumefika mahali pa kuamua: mtu akifungua hati ya Kichina bila kuchagua chochote, aone fonti gani? Zamani nisingejisumbua. Lakini tangu bandari ya Tanga ianze kupanuliwa na habari za bomba la mafuta la Chongoleani zianze, flashi zenye ankara na orodha za mizigo kwa Kichina zimekuwa kitu cha kawaida. Usipoweza kuchapa, mteja anavuka barabara kwa jirani.

Fonti za bure zipo, tena nzuri. Mwaka 2014 Google na Adobe walitoa kwa pamoja fonti moja yenye majina mawili, Noto Sans CJK kwa Google na Source Han Sans kwa Adobe (CJK ni Kichina, Kijapani na Kikorea), na mwaka 2017 ikafuata dada yake yenye ncha mwishoni mwa mistari, Noto Serif CJK. Kila uzito, yaani kila kiwango cha unene wa herufi, umebeba maumbo 65,535, ambao ndio ukomo wa faili la aina hiyo. Haliwezi kupokea hata moja zaidi. Kabla ya hapo watu wa Linux waliponea kwenye fonti za bure za WenQuanYi, na kwenye fonti ambazo kampuni ya Arphic ya Taiwan ilizifungulia umma mwaka 1999. Kwa hiyo nilidhani uamuzi ni wa dakika chache: weka Noto, funga faili, nenda kanywe kahawa.

Aliyeniharibia kahawa ni dada mmoja mkalimani anayefanya kazi na mafundi wa Kichina. Alileta hati ya vifaa vya ujenzi, nikamchapia, akaishika, akakunja uso.

“Kaka, hii imeandikwa na Mjapani?”

“Imetoka kwenye flashi yako mwenyewe, dada.”

Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kwenye 骨料, yaani kokoto za zege, herufi ya kwanza ina kipembe kidogo ndani ya kichwa chake. China bara kipembe hicho kinakaa kushoto. Japani kinakaa kulia. Karatasi yangu ilikuwa na cha kulia. Chini yake palikuwa na 直径, kipenyo cha nondo. Hiyo 直 ya Kijapani ina kona kule chini kushoto, wakati ya China inakaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. (Wewe unayesoma hapa, sijui unaona ipi. Simu yako imeshakuamulia.)

Chanzo chake ni kwamba Unicode, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, imezipa herufi hizi namba moja kwa Wachina, Wajapani na Wakorea. 骨 ni U+9AA8 popote uendapo. Namba haisemi kipembe kikae wapi. Hilo wameachiwa fonti na mfumo. Sisi tuliopitia chuo cha Kurani hali hii tunaijua. Mtu aliyezoea msahafu wa hati ya naskhi ukimpa ukurasa wa nastaliki, hati wanayoipenda watu wa Pakistani, herufi ni zile zile na atazisoma, ila jicho litapapasa. Yule dada naye alisoma kila kitu. Alichokataa ni kumpelekea bosi wake karatasi inayoonekana imetoka nyumba nyingine, na mimi namuunga mkono. Kusomeka peke yake si heshima.

Nikarudi kwenye mashine, nikaandika fc-match -s, amri inayokutajia foleni nzima ya fonti kama mfumo unavyoipanga. Ukiiambia lugha ni zh-cn, yaani Kichina cha bara, fonti yenye SC mwishoni, ile ya Kichina kilichorahisishwa, inapanda juu bila ubishi. Usipoitajia lugha, JP, ile ya Kijapani, inatangulia. Na mashine zetu zimewekwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo hakuna anayeitajia. Mfumo unakutana na herufi ya Kichina, unashuka foleni, wa kwanza kumkuta ni Mjapani, basi. Isitoshe, hati nyingi kutoka China zinaita SimSun, fonti ya Windows ambayo huku haimo, kwa hiyo kutafuta mbadala ni jambo la kila siku.

Dawa ya haraka ambayo wengi wanapeana ni kuisukuma SC hadi kichwani mwa foleni. Nimeijaribu, na hapo ndipo Kiswahili kilipolia. Fonti ya Kichina ina herufi zetu za Kilatini pia, na ikikaa mbele inazishika zote. Hilo ningelivumilia. Lakini alama ya king’ong’o, ile iliyopinda, nayo ina namba moja tu duniani, na kwa Kichina cha bara inapewa upana sawa na herufi nzima. Matokeo yake ng’ombe anakatika katikati: ng, pengo, kisha ombe. Tangazo la bucha nililochapa kwa majaribio lilikuwa na mapengo hayo mstari hadi mstari. Kung’aa, ng’ambo, ng’amua, yote yamevunjika.

Basi nimepanga hivi kwenye /etc/fonts/local.conf, faili la mipangilio ya fonti: fonti ya Kilatini mbele, Noto Sans CJK SC nyuma yake, ndipo ndugu zake wa Taiwan, Hong Kong, Japani na Korea. Anayeita SimSun anapewa Noto Serif CJK SC, kwa sababu zote mbili ni za mtindo wa Song: mistari ya kulala myembamba, ya kusimama minene. Kwenye karatasi unapendeza sana. Kwenye vioo vyetu vya zamani ile mistari ya kulala inafifia, ndiyo maana menyu na madirisha nimeyaachia Sans, ile isiyo na ncha. LXGW WenKai, inayofanana na mwandiko wa mkono, ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na nimeiacha nje. Ankara ya forodha haihitaji urembo.

Kuitanguliza bara ni upendeleo, najua. Mtu wa Taiwan akikaa kwenye kiti hicho hicho, hati isiyotaja lugha itamwonyesha maumbo ya bara, na atakuwa na haki ya kukunja uso kama yule dada. Nimechagua kwa kuangalia flashi zinazoingia mlangoni, si ramani. Hao wengine nimewawekea kitufe cha kubadili kwenye menyu, kwa maandishi yao wenyewe.

Kinachonisumbua sasa ni bando. Kifurushi cha Noto CJK kinazidi MB 50 na baadhi ya mashine hizi zina diski ya kuhurumiwa. Kwa hizo nitaweka WenQuanYi Micro Hei, MB 5 hivi, japo dada wa kokoto ataona tofauti kabla sijamaliza kumkaribisha kiti.