Waya za kuwambia shali: usirudie kosa langu la waya wa nondo

Shali nyeupe ya mama mkwe niliifuma miezi minne, uzi mwembamba wa sufu nilioletewa kutoka Kenya, kila jioni watoto wakilala ndo nashika sindano, halafu nikaja kuiharibu usiku mmoja tu sababu ya waya. Nilichukua ule waya mweusi wa kufungia nondo, ulibaki tulipojenga uzio, nikaukata vipande nikaunyoosha kwa mkono nikaupitisha pembeni ya shali ikiwa imeloa ili niiwambe, yaani niivute na kuibana kwa pini ikauke ikiwa imetanuka. Asubuhi ukingo wote wa juu una madoa ya kutu, rangi ya chai ya rangi kabisa. Nikahangaika na ndimu na chumvi, mengi yakafifia, mengine yapo mpaka leo ukiangalia kwa makini. Mama aliipokea akasema ahsante mwanangu, na anaivaa kweli kanisani msimu wa baridi, ila mimi kila nikimwona nayo macho yananiendea palepale pembeni.

Kwa hiyo naandika hii kwa wenzangu mnaofuma lesi kwa sindano, na mnaofuma masweta pia, maana huku hakuna duka linalouza seti za waya za kuwambia na kuagiza nje gharama ya kusafirisha inazidi bei ya kitu chenyewe.

Kwanza kwa nini tunawamba. Lesi ikitoka kwenye sindano inakuwa imejikunja kama tambara, matundu yamejifunga, ua huoni jani huoni. Sufu ni nywele za kondoo, na inafanya kama nywele zako saluni, ukiziseti na rola zikiwa zimeloa zikakaukia humo zinabaki na umbo mpaka zikutane na maji tena, basi na sufu ni hivyohivyo, maji yanalegeza vifungo vidogo vilivyo ndani ya unywele na ikikauka vinajifunga upya pale ulipoiacha. Shali yangu ya pembetatu ilikuwa sentimita 120 upana wa juu, baada ya kuiwamba ikawa 165. Uzi uleule.

Na hapa niseme mapema, kama uzi wako ni akriliki, na nyuzi nyingi za madukani kwetu ni akriliki, kuloweka na kuvuta peke yake hakutakusaidia, ikikauka ukiiachia inarudi ilipotoka. Ile inataka mvuke wa pasi ukiwa umeinyanyua juu pasi isiguse kabisa, na ukizidisha inalegea moja kwa moja hairudi tena. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Haya, waya. Unaweza kuwamba kwa pini tupu, nilifanya hivyo miaka, lakini pini tupu kwenye ukingo ulionyooka zinatoa vichongo vichongo, kila palipo na pini pamevutika na katikati pamebonyea, na unatumia pini mia na kitu mgongo unauma. Ukipitisha waya kwenye vitanzi vya ukingo kwanza, waya ndio unabeba mvuto wote, pini unaweka moja kila baada ya sentimita 10 au 15 upande wa ndani wa waya, zinausukuma kwa nje, na mstari unanyooka.

Nilichokuja kukigundua ni rodi za weldingi. Ila sio zile za kawaida zenye unga juu yake, hapana, zile za tigi, wanazotumia mafundi wa steinlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, wanaotengeneza reli za ngazi na mageti yale yanayong'aa. Ni vijiti vitupu, virefu mita moja, vimenyooka, na wafumaji wa nje wengi tu wanavitumia badala ya seti za bei mbaya. Muulizie fundi unene wa milimita 1.6 na aangalie namba, iwe 308L au 316L, mara nyingi imegongwa kwenye ncha au imeandikwa kwenye boksi. Kilo moja ya unene huo inatoa rodi kama sitini, mfumaji mmoja hata kumi zinamtosha kabisa, kwa hiyo tafuta wenzako mchange au muombe fundi akuuzie chache tu, wa kwangu alinihesabia kumi na mbili bila neno.

Ukiona rodi ina rangi ya shaba iache hapohapo! Hiyo ni chuma cha kawaida kimepakwa shaba juu, mpako ukichubuka unaletewa kutu ileile. Za aluminiamu nazo ni nyepesi nzuri kushika lakini ukizipinda zinabaki zimepinda, na zinaweza kuacha weusi kwenye uzi mweupe. Mtu wa hadiwea atakwambia zote ni sawa, kwake ni sawa kweli maana yeye haoshi sufu.

Hata ukihakikishiwa ni steinlesi, fanya jaribio langu. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa maji yenye chumvi kidogo, kizungushe kwenye rodi, acha usiku kucha. Asubuhi kitambaa kikiwa safi, suuza rodi, endelea. Kikiwa na hata nukta ya kahawia rudisha. Na pini zako zipitie jaribio hilohilo, watu wanahangaika na waya wanasahau pini, pini za kushonea za bei ya chini zinapata kutu haraka mno na doa lake ni dogo lakini yako mengi.

Halafu ncha. Rodi imekatwa kiwandani, ncha yake inakwaruza, na uzi wa lesi ukinasa hapo unakatika ukiwa umeloa na umevutwa, sitaki hata kufikiria. Piga tupa kwanza, kisha msasa laini mpaka iwe mviringo, jaribu kwa kuipitisha kwenye soksi ya nailoni ya zamani, ikipita bila kunasa iko tayari. Pale palipogongwa namba pia papige msasa. Mwisho futa kwa spiriti maana zinakuja na mafuta ya kiwandani.

Sasa rodi hizi ni ngumu, zinafaa pembetatu, stola yaani shali ndefu ya mstatili, blanketi, chochote chenye ukingo ulionyooka. Shali ya mwezi mchanga, ile iliyopinda juu, inataka waya laini mwembamba wa steinlesi usiozidi milimita moja, unaopinda na kurudi wenyewe ukiuachia. Usichukue ule unaopinda ukabaki na kona, kila kona itaonekana kwenye shali. Wangu nilimwomba fundi wa vyombo vya steinlesi, unakuja umeviringishwa, ufungue taratibu na linda macho kwa sababu unaruka kwa nguvu. Shali ya duara mimi siweki waya kabisa, napitisha uzi mnene wa pamba mweupe kwenye kila ncha ya ua, naufunga kuwa duara, halafu navuta kwa pini. Visiwa vya Shetland huko Uskochi, wanakofuma lesi nyembamba ajabu, tangu zamani wanatumia fremu ya mbao na uzi unaopita kwenye ncha za shali mpaka kwenye fremu, ukiiangalia ni kitanda cha kamba kabisa. Estonia na Orenburg kule Urusi nao wana fremu zao. Kwa hiyo usijione fukara kwa kutumia uzi.

Sweta ni habari nyingine, huvuti, unalinyoosha tu. Napitisha rodi moja kila ubavu kwa ndani ili mbavu zisiende mawimbi, na kama ni la kufungua mbele naweka pande mbili za vifungo kila mmoja na rodi yake napima kwa futi mpaka zilingane. Ule ukingo wa chini unaovutika na wa mikononi usiuguse, ukiuwamba unalegea.

Pa kuwambia natumia godoro lisilotumika, juu natandika shuka jeupe. Kanga hapana jamani, kanga mpya inachuja rangi na sufu iliyoloa inainywa yote. Loweka shali nusu saa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota, izungushie taulo uikanyage, halafu pitisha waya ukiwa umetulia, kitanzi kwa kitanzi, usiruke hata kimoja kwenye ukingo wa juu.

Arusha mwezi wa saba inachukua siku mbili kukauka. Ukidhani imekauka ongeza usiku mmoja, kisha toa pini zote kwanza, ndipo uchomoe waya polepole sambamba na ukingo.

Rodi zangu nazihifadhi kwenye bomba la plastiki la maji lililokatwa mita moja na kidogo, kifuniko huku na huku, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Mwezi ujao nafuma nyingine nyeupe ya mama, ileile ya majani, uzi umeshafika.